Nyumba Isiyopiga Kura

Pale Needham, mji wa machimbo ya mawe kusini mwa Indiana, kulikuwa na nyumba moja ambayo watu wa vyama waliipita bila kubisha hodi. Si kwamba wenyewe walikuwa wakorofi. Ilikuwa nyumba ya Hollis Deckard, mkata mawe, na mkewe Orpha, na sababu ya kuipita ilijulikana mji mzima. Hollis alikuwa mtu wa jogoo, Orpha alikuwa mtu wa tai, na wote wawili hawakupiga kura.

Karatasi ya kura ya huko ilikuwa na picha hizo mbili juu kabisa: jogoo wa chama cha Democrat na tai wa chama cha Republican, kila mmoja na duara lake. Aliyetaka kuwachagua watu wa chama chake wote kwa mpigo mmoja aliweka msalaba ndani ya duara kwa penseli ya buluu, akakunja karatasi, akaenda zake. Watu wa Needham walizaliwa na jogoo au na tai kama mtu anavyozaliwa na pua ya babake. Ukoo wa Deckard ulikuwa wa jogoo tangu enzi. Akina Prosser, ukoo wa Orpha, walikuwa wa tai, na babu yao aliyeachia mguu mmoja katika vita vya Kaskazini na Kusini aliwaambia wajukuu kwamba mguu ule alimpa tai kwa mapenzi yake, na kama tai anauhitaji wa pili aje auchukue.

Kwa hiyo utashangaa hao wawili walioanaje. Walioana kwa sababu walipendana, na kwa sababu mwaka ule haukuwa wa uchaguzi.

Mwaka uliofuata, 1928, ulikuwa wa uchaguzi, na nusura uwavunjie nyumba. Hollis alimtukana baba mkwe mezani, Orpha akanuna, tai akashinda. Kwa majuma kadhaa Hollis alifungua kopo lake la chakula machimboni mbele ya wenzake akakuta vipande viwili vya mkate mkavu, na katikati yake, mahali pa nyama, picha ya mshindi iliyokatwa gazetini. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Orpha hakumsemesha mpaka Krismasi.

Ulipokaribia uchaguzi wa 1932 Hollis akatafuta suluhu. Alimkuta mkewe akimenya viazi, akavuta kiti.

"Sikiliza, Orpha. Wewe unakwenda kuiua kura yangu, mimi nakwenda kuiua yako. Tunakanyaga tope kwenda na kurudi, halafu jumla yetu ni sifuri. Si bora tukae tu?"

"Na ukinitoroka?"

"Nifichie viatu. Nami nikufichie vyako."

Basi ikawa hivyo. Asubuhi ya uchaguzi kila mmoja alimfichia mwenziwe viatu, wakashinda ndani na soksi, mlango wamefunga, wakacheza karata. Orpha alipika pudini ya persimoni, yale matunda ya porini yanayolainika baada ya baridi ya kwanza. Nje majirani walipita kwenda kuchagua mkubwa wa nchi. Merle, mtoto wao wa pekee, alizaliwa Agosti iliyofuata, na wambeya wa Needham walihesabu miezi kwa vidole wakacheka. Orpha alipoambiwa aliona haya, lakini hakukana.

Merle alipopata akili, kazi ya kuficha viatu ikawa yake. Alivikusanya vyote, vya mama na vya baba, akavisukuma chini ya kitanda chake, akaketi mlangoni kama askari. Wazazi walikuwa wakimbembeleza, kila mmoja kwa zamu. Baba alimpeleka kwenye sherehe za chama cha wakata mawe, akambebesha bendera. Mama alimsimulia mguu wa babu. Maana jambo lenyewe lilikuwa wazi: siku Merle atakapofikisha umri wa kupiga kura, yaani miaka ishirini na mmoja, nyumba ile itakuwa na kura tatu, na yeye ndiye atakayewakatia shauri.

Kijana hakujitia upande wowote. Alikuwa na tabasamu la pembeni ambalo hakuna aliyejua amelitoa wapi. "Ngojeni nifike ishirini na moja," alikuwa akisema. "Kwa sasa naomba pudini."

Mawe ya chokaa yana vumbi jeupe, laini, linaloingia popote. Hollis alipotoka kazini, king'ora cha saa kumi kikishalia, alifika barazani akagonga viatu vyake kwenye ngazi mara mbili, kishindo kizito, ili vumbi lidondoke asije akamchafulia mkewe sakafu. Gu, gu. Orpha alikuwa akisikia hivyo anateleka kahawa. Lakini vumbi la ndani ya kifua halina ngazi ya kugongea, na Februari ya 1952 ndilo lililomwua Hollis Deckard. Alikohoa majira yote ya baridi. Mwishoni alikuwa mwepesi kiasi kwamba Orpha alimgeuza kitandani kwa mkono mmoja.

Alitania mpaka dakika za mwisho. Alimshika mkewe kidole akamwambia, kwa sauti isiyofika mlangoni:

"Novemba usije ukanitoroka, bibie. Nikiwa nimelala hivi usinizunguke."

"Nitakufichia viatu kama kawaida," Orpha akamjibu.

"Apa."

Akaapa. Alicheka akiwa anaapa, na Hollis naye alicheka, kisha kikohozi kikamchukua. Watu wengine wangesema ule ulikuwa mzaha. Orpha hakuwa mtu wa namna hiyo, na mimi nampenda kwa hilo.

Wakamzika na viatu vya kanisani. Vile vya kazini vikabaki kando ya mlango, vyeupe kwa vumbi, maana Orpha hakuwa na moyo wa kuviondoa.

Siku ya nne baada ya mazishi, king'ora cha machimbo kililia saa kumi kama kawaida. Orpha alikuwa jikoni. Akasikia barazani: gu, gu. Mkono wake ulikwisha kufika kwenye birika la kahawa kabla hajakumbuka. Alipofungua mlango baraza lilikuwa tupu, na juu ya ngazi kulikuwa na vumbi jeupe kidogo, kiasi cha chumvi ya kutia kwenye yai.

Wewe usiyeamini una haki yako. Mimi nasema alichosikia yeye, tena alikisikia kila siku ya kazi, na Jumapili hakukisikia. Mwanzoni aliogopa. Baadaye akazoea, akawa anamimina vikombe viwili, na cha pili anakimwaga kikishapoa. Kwa nini aone hofu, mtu ni mumewe.

Hofu yenyewe ilikuja kwa njia nyingine. Mwezi wa tano Merle aliitwa jeshini, na mwezi wa tisa akawa amefika Korea. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikwisha kuwa mkubwa wa kupewa bunduki, ila hakuwa mkubwa wa kupewa penseli ya buluu, na ukiniuliza mimi, waliopanga hivyo walistahili kuchapwa. Siku aliyoondoka Orpha alifunga mlango wa chumba chake, akajiwekea mwiko wa kutoufungua mpaka mwenyewe arudi. Alijiambia kwamba akiufungua baridi itampata mtoto huko aliko. Hakumweleza mtu.

Ndipo Oktoba, jenerali aliyekuwa akigombea urais kwa tai akatamka redioni kwamba akichaguliwa atakwenda Korea yeye mwenyewe. Orpha alikuwa anapiga pasi. Aliiweka pasi chini, akakaa. Mtu wa chama chake, tena mwanajeshi, anasema atakwenda kule kule aliko Merle. Kila mama wa Needham aliyekuwa na mtoto vitani alilisikia neno lile kama limesemwa jikoni kwake.

Kaka yake, Alvah Prosser, ndiye aliyekuwa wakala wa tai pale mtaani. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini alibisha hodi kwenye nyumba ya Deckard. Alimweleza dada yake mengi kuhusu kodi na wakomunisti. Mwishowe akasema lililomleta.

"Dada, marehemu hapigi kura. Mwanao yuko mlimani kwenye theluji. Unangoja nini?"

"Niliapa, Alvah."

"Uliapa kwa mtu aliyekuwa anakufa."

"Kwani hao ndio wanaodanganywa?"

Alvah alitoka amekunja uso. Na baada ya kaka kuondoka, king'ora kikalia, na viatu vikagonga ngazini, mara hii kwa nguvu zaidi, hadi vikombe vikatikisika kabatini.

Tangu siku ile Orpha hakupata amani. Alikuwa na mtu mmoja barazani na mmoja Korea, kila mmoja anamvuta upande wake. Akimtimizia Hollis, anamnyima mtoto. Akimsaidia mtoto, anamzunguka maiti asiyeweza kufunga mlango. Alipungua. Alitia chumvi kwenye kahawa. Kanisani aliulizwa hali akajibu kwamba ameamua, na hakuwa ameamua.

Siku ya uchaguzi ikafika. Alipika pudini kwa sababu mikono yake haikujua kufanya vingine. Aligawa karata za watu wawili, akakaa na soksi. Akangoja. Alikuwa amepanga kwamba saa kumi atasikiliza: Hollis akigonga kwa upole, atachukua hiyo kuwa ruhusa.

King'ora kikalia. Kimya. Hakukuwa na gu ya kwanza wala ya pili. Akafungua mlango, akatazama ngazi, hapakuwa na hata chembe ya vumbi. Ukimya ule ulimtisha kuliko vishindo vyote. Akasema kwa sauti, "Nakwenda, Hollis. Ni mtoto wako vilevile." Akaenda kuvaa viatu.

Viatu vyake havikuwepo.

Alitafuta chini ya meza, nyuma ya jiko, kwenye sanduku la kuni, kila mahali ambapo Hollis aliwahi kuvificha kabla kazi hiyo haijawa ya Merle. Alikuwa na jozi moja tu ya kutokea nje, na jana yake alitoka nayo sokoni. Alitafuta mpaka jua likaanza kuinama, na vituo vilikuwa vinafungwa saa kumi na mbili. Mahali pekee ambapo hakutafuta ni nyuma ya ule mlango aliojikataza.

Akasimama katikati ya jikoni, soksi zimejaa vumbi la kuni, analia kwa hasira. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia viatu vya kazini vya Hollis, kando ya mlango, mahali pao.

Alivijaza magazeti nchani, akavivaa, akafunga kamba mara mbili. Akatoka.

Kura zilipigiwa shuleni. Watu waliokuwa kwenye mstari wanasimulia mpaka leo kwamba walisikia kabla hawajaona: gu, gu, kwenye ngazi ya shule. Wakata mawe watatu waligeuka kwa pamoja, na mmoja wao akavua kofia. Kisha akaingia Orpha Deckard, mwanamke mdogo wa umbo, ndani ya viatu vya marehemu vilivyomfika nusu ya muundi, akiburuta miguu. Nettie Sowders, karani aliyemfahamu tangu utotoni, alimpa karatasi.

Ndani ya kibanda, nyuma ya pazia, Orpha alichukua penseli. Hakusita. Aliweka msalaba kwenye duara la tai, akaukandamiza, kwa ajili ya Merle. Halafu akatazama chini, akaviona vile viatu.

Alikuwa amekuja navyo. Hollis amembeba njia nzima kwenye tope, hakumwangusha. Kama ameletwa na mtu mpaka ndani ya pazia, je, amwache huyo mtu amesimama tu, mikono mitupu? Wewe na mimi tungejua la kufanya, kwa kuwa hatukuwa sisi tuliokuwa ndani ya viatu vile. Orpha aliinua penseli tena akaweka msalaba wa pili, kwenye duara la jogoo, mdogo, wa mwandiko wa kuinama kama wa Hollis.

"Haya," akasema. "Tumekuja wote."

Akakunja karatasi, akaitoa.

Asubuhi yake Alvah alikuja na furaha mpaka inammwagika. Jenerali ameshinda, ameizoa Indiana yote. Akasimulia pia kichekesho: kituoni kwao kulikuwa na kura moja imeharibika, mjinga mmoja kaweka msalaba kwa jogoo na kwa tai, walipoinyanyua kila mtu alicheka. Orpha alikuwa amepiga magoti anasugua tope kwenye viatu vya mumewe. Hakuinua kichwa. Alvah akatazama viatu, akatazama miguu ya dada yake iliyojaa malengelenge, na furaha ikamwisha. Alikunywa kahawa yake haraka akaondoka.

Saa kumi, gu, gu. Kwa upole.

Jenerali alikwenda Korea kama alivyoahidi. Alikaa siku chache, akala na askari, akapigwa picha amevaa koti zito, akarudi kuapishwa. Merle alibaki. Aprili, kwenye kilima kisichokuwa hata na jina, kina namba tu, kombora liliangukia handaki lao. Telegramu ililetwa na mzee wa stesheni, ambaye alivua kofia akiwa bado yuko mbali, na Orpha akajua. Mwili haukupatikana. Julai vita vikasimama, kengele za kanisa zikapigwa, vijana wengine wawili wa Needham wakarudi na ngozi nyeusi kwa jua.

Alvah alikuja kukaa na dada yake.

"Nilimpa mwanangu nusu kura," Orpha akamwambia.

"Dada, jenerali alishinda kwa mlima wa kura. Yako isingeongeza kitu."

"Kwako."

Jioni ile alivunja mwiko wake, akafungua chumba cha Merle ili alale kitandani kwake. Alipoinama kuvuta blanketi aliviona viatu vyake vilivyopotea siku ya uchaguzi, viko chini ya kitanda, kando ya viatu vya shule vya Merle, vimepangwa sawasawa, visigino ukutani, jinsi mtoto alivyokuwa akivipanga. Ama alivitia humo yeye mwenyewe akiwa hajitambui, ama sijui. Mlango ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa tano wa mwaka uliopita. Nilisema nitasimulia alichokiona yeye.

Miaka ile iliyofuata ndiyo iliyomvunja kweli. Hollis alikuwa anarudi. Kila siku ya kazi, king'ora kikilia, mumewe alikuwa barazani. Orpha alikuwa anafungua mlango anauliza, "Umemwona? Uko naye?" Akasikiliza, labda nyuma ya kishindo kizito kutakuwa na cha pili, chepesi, cha kijana anayeruka ngazi. Alimimina vikombe vitatu. Alikiacha chumba wazi, mchana na usiku, baridi iingie ikitaka. Merle hakuja. Hakuja hata kwa mlango kulia, hata kwa ndoto. Waliomwonea huruma kwa kusikia sauti za wafu hawakujua kwamba anateswa na ile asiyoisikia.

Ikafika Novemba ya 1956. Jenerali anagombea tena. Merle angekuwa na miaka ishirini na mitatu, na huo ndio ungekuwa uchaguzi wake wa kwanza wa rais.

Orpha alipika pudini. Kisha akavaa viatu vyake mwenyewe, akachukua vya Hollis mkono mmoja na vya shule vya Merle mkono wa pili, akashika njia ya shuleni mchana kweupe. Mstari ulikuwa mrefu, wakampisha. Nettie akampa karatasi, Orpha akaibana kwapani, akaingia kibandani, akavuta pazia.

Pazia lile halikufika chini. Waliokuwa kwenye mstari waliona miguu ya mwanamke, na kulia kwake viatu vya kazi vyenye vumbi jeupe, na kushoto viatu vya kijana vilivyong'arishwa, jozi zote tatu zimeelekea kwenye meza ya kura. Ndani ya pazia karatasi ilikuwa tupu na penseli ilikuwa juu. Tai alikuwa na wake. Jogoo alikuwa na wake. Wa kuwakatia shauri alikuwa hajasema.

Muda ukapita. Mtu akakohoa. Nettie akainuka mezani, akasogea karibu na pazia, akaita kwa sauti ya chini.

"Orpha, umemaliza?"

"Bado, Nettie. Namngoja mtoto."

Nettie akarudi kukaa. Alvah Prosser alikuwa ukutani na beji ya tai kifuani, akageuza uso. Wakata mawe waliotakiwa kurudi kazini waliikosa zamu yao, na hakuna aliyemharakisha. Saa kumi king'ora cha machimbo kikalia, nao wote, wa jogoo na wa tai, wakageuka wakasikiliza ngazi.